Siku Mwenyekiti Aliposahau Mfuko

Mtaro wa mtaa wetu ulipoziba kwa mara ya tatu, mpima viwanja mmoja mstaafu alijiteua kuwa mwenyekiti wa kamati ya kupunguza mifuko ya plastiki. Hakuna aliyempigia kura, ila hakuna aliyethubutu kumpinga, maana akianza kuongea hapumui.

Alipita nyumba kwa nyumba. Alimbana mwenye duka mpaka akakubali kutompa mteja mfuko, hata alie. Akamshawishi fundi cherehani ashone mifuko ya vitambaa kwa vile vipande vilivyokuwa vikirundikana chini ya meza yake, na kila nyumba ikapata mmoja. Mkewe alimwambia kwa upole kwamba amefurahi kumwona akihangaikia taka za mtaa mzima, na kwamba labda siku moja ataiona na ndoo ya jikoni.

Jumamosi ya pili mkewe alimwagiza unga, nyanya, vitunguu na sabuni. Akaenda dukani mikono mitupu. Alishtuka vitu vikiwa vimeshapangwa kaunta, na nyuma yake wamesimama watu sita, kila mmoja na mfuko wake wa kitambaa.

"Ningekupa, kaka," mwenye duka alisema, "lakini mwenyekiti wetu ni mkali."

Foleni nzima ikapatwa na kikohozi.

Angeweza kurudi nyumbani kuchukua mfuko, ila ubishi haukumruhusu. Alivua shati, akalifunga mikono, akatia vitu vyote ndani, akatoka kifua mbele na fulana yenye tundu kwapani. Hakufika mbali. Kwenye kona akakutana uso kwa uso na mama mkwe wake, aliyekuja kuwatembelea bila taarifa.

Alitamani ardhi ipasuke immeze. "Shikamoo, mama," alisema akiwa ameinamisha kichwa.

"Marahaba, mwanangu. Umeibiwa?"

Akamweleza habari za kamati, duka na sheria yake mwenyewe. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua pochi na kutoa mfuko wa plastiki uliokunjwa mara nne, maandishi yamefifia kabisa.

"Huu naufua mwaka wa nane sasa," alisema. "Vaa shati lako, twende."

Mwenyekiti akahamishia vitu kwenye mfuko, akavaa shati, wakaondoka. Walipofika alimuuliza anafanyaje asisahau. Mama akamjibu kwamba husahau kila mara, ndiyo maana ameweka mmoja kwenye pochi, mwingine nyuma ya mlango na mwingine kwa jirani.

Jumatatu mwenyekiti alipeleka dukani sanduku la mbao. Mwenye mifuko ya ziada aliiacha humo, aliyesahau wake aliazima, akaurudisha. Makabati ya mtaa yakatapika mifuko ya plastiki ya miaka na miaka. Iliyochanika haikutupwa: mama mkwe, aliyekaa wiki mbili, alikaa uani na majirani akiwaonyesha jinsi ya kuikata vipande virefu na kuisokota kamba za kuanikia nguo. Mwenyekiti naye alisokota, japo ya kwake ilifumuka mara mbili.

Siku mama alipokuwa akiondoka, mwenyekiti alimwomba mbele ya watu wote awe mshauri wa kamati. Mama alishukuru kwa heshima zote, akakataa. Alisema nafasi hana, yeye ana kazi za kufanya.