Vyumba Sita vya Jengo la Simu

"Soma," nilisema.

"Nne na kumi na mbili," alijibu Bi Cherehani kutoka upande wa pili wa chumba, dole gumba likibana tepu ukutani.

Niliandika, kisha nikajumlisha. Vyumba sita vya ghorofa ya chini, pamoja na unene wa kuta, vilizidi ukuta wa nje kwa sentimita kumi na sita. Nikajumlisha upya. Vilevile.

"Jengo limenenepa," alisema Waya, fundi umeme, akiwa juu ya ngazi anamulika dari. "Miaka kumi na mitano bila kazi, hata mimi ningeota kitambi."

Sikucheka. Ilikuwa Jumapili. Jumanne asubuhi, ofisi zikifunguliwa baada ya sikukuu, mama yangu alitakiwa kupeleka ramani. Alikuwa ameunganisha simu za watu ndani ya jengo hili kwa miaka ishirini na miwili, na alipoandika barua kuomba lisivunjwe, karani alimjibu kwamba jengo lisilo na ramani haliwezi hata kujadiliwa. Ya zamani imepotea. Imepotelea wapi, hakusema. Mimi ni seremala. Kuchora nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima. Rafiki zangu hawa wawili walinipa sikukuu yao nzima.

"Bi Cherehani, tepu ulikuwa unaishika wapi?"

"Ukutani. Wapi tena?" Akakitazama kidole chake. "Ngoja. Mungu wangu!"

"Nini?"

"Nimeongeza ya mshono."

Waya alishika ngazi kwa mikono miwili asianguke kwa kicheko.

"Cheka tu! Miaka kumi na minane napima viuno. Mkono ukigusa tepu unaongeza wenyewe, sentimita nne za kukunja. Ningepimishwa jeneza, marehemu angejigeuza atakavyo."

"Umeongeza vyumba vyote?"

"Vinne, nadhani. Viwili nilikumbuka. Usiniulize vipi."

Nikakunja karatasi ile, nikafungua nyingine. Tukarudi chumba cha kwanza.

Tulikuwa chumba cha pili honi ilipolia nje. Aliingia msimamizi wa kampuni iliyonunua kiwanja, amevaa viatu vya sikukuu, akikwepa kinyesi cha popo. Hakuwa mtu mbaya. Nadhani alitolewa mezani, chakula kikiwa bado cha moto.

"Nyie! Nani kawaruhusu humu?"

Nilimwonyesha barua ya ofisi. Aliisoma hadi mwisho, midomo ikichezacheza.

"Hii inasema mlete ramani. Haisemi muingie."

"Tungeichorea wapi, ndotoni?" Waya aliuliza.

"Kaka, mimi natumwa tu. Saa kumi na moja geti linawekwa kufuli jipya. Mlinzi atamfungulia anayetoka. Anayeingia hamfungulii, hata akija na barua ya nani."

Niliangalia saa. Ilibaki saa moja na nusu, na ghorofa ya juu hatujaigusa.

"Na asiyetoka?" niliuliza.

"Vipi?"

"Asiyetoka hahitaji kufunguliwa."

Aliinua macho darini. "Mtalala humu? Na popo?"

"Weka kufuli, bwana. Sisi tuna kazi."

Sikupaza sauti. Msimamizi akaondoka.

Niligeuka kuwaambia wenzangu kwamba anayetaka kwenda aende, hakuna lawama. Bi Cherehani alikuwa tayari kwenye simu.

"Baba watoto, leo silali nyumbani... Ndiyo, na wanaume wawili... Kwenye jengo bovu, ndiyo... Mume wangu, ukimaliza kupiga kelele, chakula kipo kwenye sufuria ya bluu."

"Mimi sina wa kumpigia," alisema Waya. "Ndiyo faida ya kuachwa."

Tukarudi kazini. Bi Cherehani akabana tepu kwa kidole cha shahada safari hii. Tukapima cha pili na cha tatu, kila ukuta mara mbili. Saa kumi na moja tukasikia mnyororo ukiburutwa getini, kisha kufuli likabana. Tukaendelea na cha nne, hadi namba zikawa hazisomeki bila tochi.

Mama akapiga simu. "Mmefika wapi?"

"Tumemaliza vinne vya chini, mama. Bado viwili, kimoja kile cha mitambo ya simu, na juu kote."

"Mtamaliza lini?"

"Kesho. Hatutoki kabla."

Niliandika kwa chaki kwenye mlango wa chumba cha tano: ANZA HAPA.