Nguzo ya Kona Inakunywa

Mpimaji alifunga kikombe cha chuma kwenye nguzo ya kona, akakaza skrubu mpaka mpira wake ukagandamana na zege, kisha akajaza maji kwenye mrija wa kioo uliosimama juu ya kikombe. Zege lililoshikamana hunywa kidogo mno. Zege bovu hunywa kwa pupa, na maji yakishafika kwenye nondo za chuma zilizo ndani, kutu huanza kazi.

Mkandarasi wa jengo hilo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Alisimama nyuma yake, mikono kiunoni.

"Shemeji, umekuja kupima au kunichimba?"

Mpimaji alitazama mrija. Maji yalikuwa yameshuka yote. Alijaza tena, yakashuka tena, ndipo akasikia kitu kikichuruzika nyuma yake. Maji yalikuwa yakitoka kwenye mikono ya shati la mkandarasi na kumwagikia viatuni.

"Bosi, sogea mbali na saruji," fundi mmoja alisema. "Utatugandishia mifuko."

Mkandarasi akasogea. Mpimaji alihamia nguzo ya pili, na safari hii maji yakamtoka mkandarasi kwenye kola.

"Mlizidisha maji kwenye zege ili limwagike upesi," mpimaji alisema. "Halafu mkaliacha likaushwe na jua."

"Na wewe unanilowesha kwa roho mbaya tu."

Nyumba ya chini, iliyoegemea nguzo hizo, alikuwa amepewa mama mkwe wake, mama wa mkandarasi. Mpimaji alimkuta kwake akipiga pasi mapazia ya huko.

"Mama, usihamie. Nguzo hazifai."

"Umemlowesha mwanangu mbele ya vibarua wake."

"Ameloa kwa sababu ya nguzo, Mama."

"Mbona mumeo haloi? Kwa sababu hajajenga hata banda la kuku. Nitokee hapa."

Mumewe alipopata habari, alihamishia mto wake sebuleni. Mwenye jengo naye alitafuta mpimaji mwingine, ambaye alilitazama jengo kutoka ng'ambo ya barabara na kuliona zuri. Familia zikahamia, huku ghorofa za juu zikiendelea kujengwa.

Mvua zilipoanza, mkandarasi alivuja popote alipokuwa. Akienda kumsalimia mama yake, mama alimwekea beseni miguuni, wakaendelea na mazungumzo. Maji yalianza kutoka na rangi ya kutu. Mama alimnunulia mashati ya kahawia.

Kisha bomba la mtaani likakatika, na mafundi hawakuwa na maji ya kuchanganyia zege. Walimwita mkandarasi. Alipanda, akasimama ndani ya pipa huku mvua ikipiga nguzo chini, na pipa likajaa.

Mpimaji alikuwa akipita barabarani.

"Pisha, shemeji!" mkandarasi alimpigia kelele kutoka juu. "Tunamwaga zege!"