Kesi ya Shimo la Babu Tagluk

Zilipobaki siku nne Ivalu arudi shule ya bweni, babu yake alishuka ngazi ya shimo la nyama, akakaa huko chini muda wa kutosha mbu kuzaliwa na kuzeeka, kisha akapanda juu na kumimina maji mekundu kutoka kwenye buti la kushoto. Halafu la kulia.

"Yanafika kifundoni," alisema.

Hakuna aliyecheka. Hata Mjomba Wilbur, ambaye hucheka mazishini, alifunga mdomo kwa heshima.

Shimo lile lilichimbwa kwa sururu na baba yake Babu Tagluk, katika udongo wa pwani yao ya barafu, ambao haukuwahi kujua maana ya kuyeyuka, likahifadhi nyama ya nyangumi miaka yote hiyo bila kudai umeme wala shukrani. Ivalu alipokuwa mdogo aliteremshwa humo kwa kamba kama ndoo. Kule chini sakitu, ule umande ulioganda, iliota darini kama manyoya ya ndege mweupe, na ukiigusa ilikudondokea shingoni ukapiga kelele. Babu alimkatia kipande cha ngozi ya nyangumi kilichoganda kama jiwe, akamnong'oneza, "Bibi yako asijue." Kichwa kikaziba mwanga mlangoni. "Nimeshajua!" Bibi akajibu kutoka juu. Bibi ametangulia mbele ya haki miaka sita sasa, lakini hadi leo Ivalu hawezi kutafuna kitu kwa siri bila kutazama juu.

Nyama yenyewe ilihamishiwa kwenye friza la Wilbur, ikaanze maisha mapya ya kunuka pitsa. Taabu haikuwa nyama. Taabu ni kwamba, kwa imani ya kwao, nyangumi hukubali kuwindwa na nahodha ambaye shimo lake ni safi na baridi, mahali pa heshima pa kulala. Mgeni wa ukubwa ule humkaribishi kwenye dimbwi.

"Nataka kujua nani kafanya hivi," alisema Babu, akikamua soksi. "Kama kosa ni letu, tutalirekebisha, na mwezi ujao naingia baharini kuwinda. Kama ni la dunia nzima, mimi na dunia nzima hatujuani. Mashua nitampa mwingine."

Alikuwa nahodha kwa miaka thelathini na minane. 

Basi Ivalu, ambaye muhula uliopita alipata alama tisini na moja katika somo la mazingira na adhabu kumi na moja katika mengineyo, aliona kwamba haki haiwezi kusubiri. Alifungua mahakama kwenye meza ya jikoni, mbele ya bakuli la mandazi, akagonga kwa mwiko.

"Mshtakiwa wa kwanza, Jua!"

"Ana hatia," alisema Wilbur upesi, mandazi mdomoni. Yeye hufanya kazi kwenye visima vya mafuta, wiki mbili huko, mbili nyumbani, na alikuwa na sababu zake za kulichukia Jua.

"Tulia, mjomba. Jua huongeza joto kidogo, likapunguza kidogo, kwa zamu ya miaka kama kumi na moja. Miaka hii halijaongeza la maana. Liachiwe."

"Volkano, basi!"

"Volkano hutoa hewa ya ukaa, kweli, ila ni kidogo mno ukilinganisha na yetu. Na ikilipuka vibaya, vumbi lake hukinga jua, dunia ikapoa. Iachiwe kwa onyo."

"Na kule kuinamainama kwa dunia ulikotuambia?" aliuliza Babu.

"Kunachukua makumi ya maelfu ya miaka, Babu. Shimo lilikuwa zima mwaka juzi."

Mwiko uligeuka polepole, ukasimama mbele ya pua ya Wilbur.

"Usinielekezee mwiko, we mtoto! Nani alikununulia hilo koti? Tiketi ya ndege nani analipa? Ni mafuta hayo hayo!"

"Mahakama inatambua koti, na linaipendeza. Lakini mafuta, makaa na gesi vikichomwa, hewa ya ukaa hujazana angani. Inakuwa kama blanketi. Joto likitaka kutoka, linazuiwa."

"Blanketi," alirudia Babu, kama mtu anayejaribu kiatu.

Hapo ndipo Ivalu, hakimu, alipokumbuka blanketi jingine.

Kila majira ya baridi Babu huondoa kwa koleo theluji yote iliyo juu ya shimo na kuacha mlango wazi, ili baridi iingie ardhini ikae akiba ya kiangazi. Theluji nayo ni blanketi: ukiiacha irundikane, ardhi inalala na joto lake. Krismasi iliyopita Babu alikuwa hospitali kwa ajili ya mgongo. Ivalu na binamu zake walikusanya theluji ya mtaa mzima, wakajenga mlima wa kuteleza mrefu kuliko nyumba, wakaumwagia maji ugande, wakautangaza kuwa nchi huru. Kisha Ivalu akapanda ndege kurudi shule. Nchi huru ilidumu hadi Juni.

Angeweza kufunga kesi palepale. Dunia nzima ilikuwa na hatia, na dunia nzima haina sikio la kuvutwa. Lakini aliitazama ile miguu ya Babu, myeupe na iliyokunjamana kwa maji, akaweka mwiko chini.

"Babu, ule mlima wetu wa Krismasi. Tuliujenga juu ya shimo."

"Juu yake kabisa?"

"Mlango ulikuwa chini yake. Majira yote ya baridi."

"Hakimu!" alinguruma Wilbur. "Hakimu mwenyewe!"

Ivalu alisubiri kufokewa. Badala yake uso wa Babu ulifunguka kama wa mtu aliyerudishiwa meno yake.

"Afadhali!" alisema. "Afadhali sana, mpumbavu wewe!"

Ingekuwa tamu kuiacha furaha ile hivyo. Ivalu alishindwa.

"Lakini mashimo ya majirani, akina Suvlu, nayo yana maji. Na kule sikujenga kitu."

"Najua. Nilipita kwao asubuhi." Babu alichukua andazi. "Sasa niambie, msomi. Yako ni kiasi gani, na ya dunia kiasi gani?"

"Sijui, Babu. Yangu itakuwa ndogo."

"Ndogo, lakini ina mwenyewe. Twende."

Walivuta maji kwa pampu, wakachimba sakafu siku tatu, Wilbur akishika nyundo ya umeme na kulaani ukoo mzima kwa majina. Tope likaisha polepole. Siku ya tatu, Ivalu akiwa amezama hadi kifuani katika walipochimba, sururu iligonga udongo ulioganda ikarudi. Alivua glavu, akabandika kiganja ukutani. Ngozi ikang'ang'ania. Harufu ya zamani, ya jiwe na shahamu, ilipanda kutoka huko chini, na kwa kitambo alikuwa mdogo tena.

"Kavu?" Babu aliuliza kutoka kwenye ngazi.

"Kavu."

"Baridi?"

"Inauma."

"Itakaa miaka mingapi?"

Ivalu alibandua kiganja ukutani.

"Msimu huu itatosha," alisema. "Mwakani, sijui."

Babu alishika ngazi. Kisha akainua uso.

"Wilbur! Toa turubai kwenye mashua. Na ujaribu injini."

"Kwa mafuta ya nani?" Wilbur alipaza sauti kutoka juu, akicheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Yako, mjinga wewe. Lete!"