Nani Atabaki na Carmel?

Barua zote za kuomba msaada niliziandika mimi. Barua arobaini na moja, kwa kalamu ya bluu, kwenye meza ya mama yangu huku mtaani kwetu Cimpunda, Carmel wangu amelala mgongoni. Kazi hiyo nilipewa na Hugues, rais wa vijana wa parokia.

"Clémence, mukono yako iko muzuri," aliniambia. "Barua ya kompyuta batu banasoma, banatupa. Ya mukono banatunza."

Nikamwamini. Mwandiko huo nilijifunza kwa masista, masomo ya jioni, nikiwa na mimba ya Carmel. Na safari yenyewe ilinipendeza: vijana kumi na wawili, mwezi mzima Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi wa kwetu upande wa Kigoma, kufundisha watoto nyimbo, sala na kusoma. Nimeandika neno "watoto" mara arobaini na moja na sikulichoka. Chini ya kila barua niliweka: "Clémence, kwa jina la wenzangu."

Alhamisi kabla ya mnada wa kuchangia safari, komite ikaniita kwenye chumba kilicho nyuma ya sakristia. Gisèle, katibu, akasoma orodha ya watakaokwenda. Majina kumi na moja. Langu halimo.

"Tumefikiri sana," Hugues akasema, huku anajikuna shingo. "Uko na mutoto wa miaka mbili. Nani atabakia naye?"

"Maman yangu. Niliwaambia tangu mwanzo."

"Na kule batu batasema nini? Missionnaire mwenye kuzaa bila ndoa?"

Nikamgeukia Jacques. Alikuwa kwenye benchi, anavuta uzi wa shati lake. Jina lake lilikuwa la tatu kwenye orodha. Jacques ndiye baba wa Carmel, na parokia nzima inajua: alikuja kwetu na tonton zake wawili, ndugu za baba yake, wakamkubali mtoto, wakanywa Fanta, wakasema mahari inakuja. Mpaka leo iko njiani.

"Na Jacques?" nikauliza. "Mutoto wake nani atabakia naye?"

Gisèle akacheka, kicheko kile cha kumhurumia mjinga. "Clémence, na wewe! Jacques ni mwanaume."

Jacques akaukata ule uzi.

"Usikasirike," Hugues akaongeza. "Mission yako umeshaifanya kwa kalamu."

Nilishuka nyumbani. Nilifua nguo za Carmel mpaka kola ikachanika. Mama akasema nimwachie Mungu. Nimwachie Mungu nini? Ile orodha hakuiandika Mungu. Iliandikwa na Gisèle.

Jumapili, baada ya misa ya pili, mnada ukafanyika uwanjani pa kanisa. Kwetu mtu haweki tu toleo lake, kitu alicholeta kiuzwe, mezani akaondoka. Anasimama mbele ya watu, amelishika kwa mikono miwili, na anasema analitoa kwa ajili ya nani. Kisha mnadi analitangaza neno lake kama alivyolisema, bila kupunguza, ndipo bei inaanza. Mnadi wetu ni Gaston, muuza mitumba mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

Wa kwanza alikuwa Maman Rosette, mkubwa wa kina mama, na beseni la sambaza kavu, dagaa wa ziwa letu.

"Hii ni ya Clémence," akasema. "Aliniandikia barua. Tangu bwana yangu aende kuchimba zahabu Shabunda, hakuna mutu aliniandikia hata mustari moja."

"Sambaza ya Clémence!" Gaston akapaza sauti. "Nani anapandisha?"

Akafuata Papa Benoît, fundi cherehani wa Ibanda, na shati jipya: la yule binti mwenye mwandiko mzuri. Akafuata bibi mmoja na kuku: wa Clémence. Hapo Hugues akanyanyua mkono.

"Ba maman, tafadhali, museme tu: kwa vijana bote."

"Barua ya vijana bote iko wapi?" bibi akamjibu. "Mimi nilipata ya Clémence. Gaston, tangaza kuku yangu, iko inanichafua!"

Watu wakacheka. Mimi sikuweza. Walikuwa wanatoa kwa ajili yangu, na hawakujua kwamba nimefutwa.

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa na kitambaa cha meza nilichodarizi mwenyewe, na toleo hushikwa kwa mikono miwili, na Carmel alikuwa kiunoni kwangu. Mama yangu akanyoosha mikono ampokee. Nikampita. Nikaenda mpaka kwenye ngoma za kwaya, alikokuwa Jacques.

"Papa Carmel, shika mutoto."

Jacques akampokea, mikono imenyooka, kama mtu aliyepewa ndoo inayovuja. Nikakunjua kitambaa.

"Hii ninaitoa kwa Carmel na papa yake," nikasema. "Komite imenitoa kwa orodha juu niko na mutoto. Jacques anaenda. Ninauliza mbele yenu: mutoto wa Jacques nani atabakia naye?"

Gaston akamtazama Hugues. Akanitazama mimi. Na kwa sababu ndiyo kazi yake, akatangaza yote kwa sauti ya kuuzia jaketi:

"Kitambaa ya Carmel na papa yake! Clémence ametolewa kwa orodha juu iko na mutoto! Jacques anaenda! Mutoto wa Jacques nani atabakia naye? Nani anapandisha?"

Hakupandisha mtu. Carmel ndiye aliyejibu, kwa kilio cha kupasua masikio.

"Jacques, si unaulizwa!" Maman Rosette akasema. "Nani atabakia naye?"

"Maman yake," Jacques akanong'ona.

"Eeeh! Kwa kulea anatosha, kwa kuenda kulea batoto ba wengine hatoshi?"

Abbé Évariste, paroko wetu, alikuwa amesimama mlangoni muda wote.

"Hugues, hiyo orodha iko wapi?"

"Ku bureau, Abbé. Ilibakia tu kuandikwa vizuri, iende kwa askofu."

"Nani anaiandika?"

Hugues akatazama viatu vyake. "Clémence."

Hata hiyo! Walikuwa wananingoja mimi, niandike vizuri, kwa kalamu ya bluu, kwamba simo.

"Barua zilisema kumi na mbili," Abbé akasema. "Batu banatoa kwa kumi na mbili, na jina banayolijua ni moja. Hatutabadanganya. Ataandika kumi na mbili."

Gisèle akanifungulia ofisi, akanipa karatasi. Carmel nilimwacha nje na baba yake; kuandika vizuri kunataka mikono miwili, mmoja wa kushika karatasi. Nilisikia analia. Maziwa na moyo vilinivuta niinuke. Sikuinuka. Nikaanza na jina langu, polepole, nikafuata na mengine, na nje kilio kikapungua, kikawa kwikwi. Kisha nikamsikia Jacques anamwimbia, vibaya, wimbo tuliouandaa kwa watoto wa Kigoma.

Carmel alipotulia kabisa, ndipo nikaandika jina la baba yake.