Kilima cha Hasamba kwa Watu Wanne

Kiangazi kile gari langu liliweza kupanda kilima cha Hasamba likiwa na watu wawili tu. Sisi tulikuwa wanne. Kwa hiyo kila asubuhi, tukitoka Vwawa kwenda shuleni, nililisimamisha kwenye daraja dogo, walimu wenzangu Kefa na Fides wakateremka wapande kwa miguu, nami nikaendelea na Tabita peke yake. Tabita alitembea kwa mkongojo tangu utotoni, na kilima kile hakikuwa cha mguu wake.

Ilikuwa Agosti 2006, na vumbi la barabara ya udongo lilifika kwenye vifundo vya miguu. Jumatatu moja Tabita alinionyesha barua aliyoiandika kwa mwandiko wake uliopangika wa mwalimu wa sayansikimu. Alikuwa anaomba uhamisho kwenda shule iliyo kando ya lami.

"Nitamkabidhi Mkuu siku ya Ijumaa," alisema. "Siwezi kila asubuhi kutazama watu wazima wakishushwa kwa ajili ya mguu wangu."

"Hawashuki kwa ajili ya mguu wako. Wanashuka kwa ajili ya injini yangu."

"Basi zungumza na injini yako, Jenista."

Nilikuwa nimezoea kuzungumza na Tabita njia nzima kwa miaka mitatu, na sikutaka aondoke. Kesho yake, vipindi vilipokwisha, nilikwenda Tunduma kwa Masudi, fundi kutoka Tanga aliyetengeneza malori yaendayo Zambia.

"Unataka nguvu, Mwalimu?" aliuliza akifungua boneti. "Tung'oe hii, tuweke kubwa. Au tufunge turbo, iwe inasukumiwa hewa."

"Nataka hii hii."

"Hii inavuta pumzi yenyewe. Pistoni ikishuka inanyonya hewa, na kile ilichonyonya ndicho inachounguza. Haina wa kuipulizia. Halafu huku kwenu juu hewa ni nyepesi. Gari ya Tanga ikifika Mbozi inazeeka njiani."

Nilimwuliza kama kuna namna ya kuifanya inyonye zaidi. Akataja mambo manne, akashika spana ayafanye yote kwa mkupuo. Nikamwomba tufanye moja moja, kwani tukibadilisha manne pamoja hatutajua lililosaidia. Nilikuwa nimebeba daftari.

"Gari si mwanafunzi, Mwalimu. Haiogopi daftari."

Hata hivyo alikubali. Alitoa plagi, na zote nne zilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria ya kuni. Akazisafisha, akazirudisha, nami nikaandika tarehe.

Jumatano asubuhi nilipima. Kutoka darajani hadi lango la shule, nikiwa na Tabita tu, tulikuwa tukitumia dakika moja na sekunde hamsini na mbili. Siku hiyo tulitumia dakika moja na sekunde arobaini na tatu. Nilifurahi mno, nikageuza kurudi chini kumchukua Fides, aliyekuwa bado karibu na daraja. Tukiwa watatu, injini ilikata pumzi kwenye mkaratusi, katikati ya kilima, ikabidi tushuke kinyumenyume huku Tabita akitazama mbele.

Alhamisi nilirudi Tunduma. Masudi alitoa plagi moja akaigeuzageuza.

"Siku mbili tu, na masizi yamerudi. Petroli ni nyingi. Tubadilishe jeti ya kabureta, ipitishe petroli kidogo."

"Petroli ni nyingi, au hewa ni kidogo?"

"Hewa iwe kidogo kwa nini? Chujio lako nililitazama juzi, jipya. Na kitambaa chake kipo."

Wakati wa kiangazi, gari la sehemu zetu lisilovishwa kitambaa kwenye chujio la hewa ni nadra, kwa sababu ya vumbi. Changu alikishona Tabita mwezi Juni, kwa kitambaa cha marekani nyeupe, chenye mpira ukingoni. Kwa kuwa kila gari lilikuwa nacho, Masudi hakukiona kama kitu cha kuchunguzwa. Mimi pia sikukiona hivyo hadi dakika ile. Nilimwomba akivue. Akakiweka juu ya meza, nacho kikasimama chenyewe, kama kofia mpya.

Nilikiweka mdomoni nikapuliza. Mashavu yalijaa, hakuna kilichopita. Masudi akavua kitambaa kilichochakaa kwenye lori la jirani, akapuliza, na vumbi likaruka upande wa pili.

"Chako anakufulia nani?"

"Tabita. Kila Jumamosi hukifua, hukitia wanga wa muhogo, kisha hukipiga pasi."

Masudi aliketi juu ya tairi akacheka mpaka akafuta macho. "Mmeivalisha injini yunifomu," alisema.

Ijumaa, tulipofika darajani, Kefa alishika kitasa kama kawaida.

"Kaa," nilimwambia.

Niliingiza gia ya pili. Tuliupita mkaratusi. Fides alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, kana kwamba anasaidia kusukuma. Tulifika langoni kwa dakika moja na sekunde thelathini na nane, watu wanne na mabegi.

"Viatu vyangu havina vumbi," alisema Fides. "Wanafunzi hawatanitambua."

Tabita alinigeukia. "Umeifanya nini?"

Nilitoa kitambaa kwenye mkoba nikampa. "Puliza."

Alipuliza mara moja, akakishusha, akapitisha kidole kwenye mkunjo wa pasi. Uso wake ulibadilika polepole.

"Wanga," alisema. "Niliona vumbi haliingii kabisa, nikajisifu."

"Halikuingia kweli."

Alikilaza kitambaa mapajani. Niliogopa kwamba sasa angekuwa na sababu ya pili ya kuondoka. Lakini alikinyanyua tena kuelekea mwanga wa dirisha.

"Kikifuliwa bila wanga, kitapitisha hewa kiasi gani? Na kitambaa cha chandarua je?"

"Sijui. Itabidi tupime."

Alifungua mkoba wake, akatoa barua ya uhamisho, akaigeuza upande mtupu. Akachora safu tatu kwa rula: kitambaa, watu, muda.

"Kefa, saa yako ina mshale wa sekunde?"

"Inao. Lakini nikipima, nitateremka?"

"Utapimia ndani," alisema Tabita.