Breki ya Pili

Waliandika kwamba kaka yangu Etwa alikuwa amelewa pombe ya mchele. Basi. Mstari mmoja, saini, muhuri. Mtu aliyeendesha kreni miaka kumi na minne, akipitisha vyungu vya chuma kilichoyeyuka juu ya vichwa vya wenzake bila kumwaga tone, alimalizwa kwa mstari mmoja.

Aliyeandika ni Awasthi, mhandisi mkuu wa kiwanda chetu cha chuma cha Lohardih. Aliandika vile kwa sababu kuhusu sisi watu wa kabila la Waoraon alijua jambo moja tu: kwamba tunakunywa. Hakujua kwamba Etwa alikuwa Tana Bhagat. Watu wa dhehebu hilo huvaa nyeupe, hawali nyama, na pombe hawaionji. Hata kwenye harusi yangu kaka alikunywa maji ya kisima, wajomba wakamcheka mpaka wakachoka. Angemsingizia wizi, pengine angepata wa kuamini. Lakini pombe! Mtaa mzima ulijua ni uongo. Ila tume ya uchunguzi haikufika mtaani. Ilikaa ofisini, ikanywa chai, ikaondoka na karatasi ya Awasthi.

Ukweli ni huu. Kreni ya kubebea chungu ina breki mbili, na kila moja lazima iweze kushika mzigo wote peke yake, ili moja ikishindwa nyingine ishike. Miezi mitatu kabla ya Etwa kufa, breki ya pili ya kreni namba mbili ilifunguliwa ikapelekwa kwenye kreni nyingine. Awasthi akasaini kitabu cha ukaguzi: zote mbili zimepimwa, zinashika. Ile iliyobaki ilipoteleza, tani arobaini za moto zilianguka sakafuni, na mrusho wake ukakifikia kibanda cha dereva. Etwa angeweza kukimbia. Alibaki anapiga king'ora ili walio chini wakimbie. Wakakimbia wote. Yeye hatukumwosha, hapakuwa na cha kuosha.

Mjane wake, Jhirgi, akaenda kubeba matofali. Binti yao shuleni akaitwa mtoto wa mlevi. Mimi nikaomba kazi ya kuendesha kreni ileile.

"Mangra, umerogwa?" aliniuliza Jatru, mpiga ishara wa zamu yetu, aliyekuwa mmoja wa waliookolewa na king'ora kile. "Kreni iliyomla kaka yako?"

"Kreni haikumla, Jatru. Kreni haijui kusaini."

Miaka tisa nilipanda ngazi ile. Mtenda husahau, mtendwa hasahau. Mwaka huu, mwezi wa nane, mafundi wakaja tena na spana zao, wakaifungua tena breki ya pili, wakaipeleka tena kwingine. Nikakifungua kitabu cha ukaguzi. Saini ya Awasthi ilikuwa mbichi: zote mbili zinashika.

Sikupiga kelele. Nilisubiri siku ya Vishwakarma.

Huyo ndiye mungu wa mafundi, na siku yake ni mwezi wa tisa. Mashine huoshwa, huvikwa maua ya njano, hupakwa rangi nyekundu kama bibi harusi, na hakuna anayegusa hata nyundo kabla ya sala. Wake na watoto huingia kiwandani. Na kwetu kulikuwa na mila ya ziada, aliyoiacha fundi mzee aliyejenga kiwanda: sala ikiisha, kreni namba mbili huinua chungu kilichojaa maji, na yule aliyesaini kitabu husimama chini yake mpaka kitue. Kisipotua, tanuri haliwashwi. Fundi yule alisimama kila mwaka, akitafuna tambuu. Awasthi alipokuja, akaanza kutuma nazi. Ikawekwa sakafuni badala yake, chungu kikapanda na kushuka, watu wakapiga makofi. Miaka yote ile nazi ndiyo iliyokuwa mhandisi wetu.

Wiki moja kabla, mimi na Jatru tulikwenda kwa Panditji, kuhani anayetusalia.

"Panditji," nikasema, "hivi nazi inaweza kusaini kitabu?"

Akacheka. "Nazi haina mkono, mwanangu."

"Basi mwaka huu usiikubali. Seth atakuwepo."

Seth ndiye mwenye kiwanda, mzee mcha Mungu, asiyevuka kizingiti bila kuuliza nyota. Panditji akakubali kwa kichwa.

Siku yenyewe niliketi kibandani juu, mkono kwenye mpini. Nisikufiche: sikuwa nimeamua. Nilijua kwamba nikitaka, maji yale na chungu chake vingemshukia Awasthi, na karatasi ingesema breki zilipimwa. Angeuawa na saini yake mwenyewe. Ni mara ngapi usiku niliionja ladha hiyo mdomoni!

Chini, Panditji alimaliza sala kwa kipaza sauti. Karani akaleta nazi kwenye sinia.

"Ondoa," Panditji akasema, na spika zikaitangaza kiwanda kizima. "Mila inamtaka aliyesaini. Ni nani?"

Awasthi akatabasamu. "Panditji, mimi nina presha..."

"Utasimama tu, hutakimbia," akasema Seth. "Nenda, Awasthi. Ni baraka."

"Nenda, Saheb!" Jatru akadakia. "Nazi imesimama miaka kumi na moja na haijaugua!"

Wanawake wakacheka. Awasthi akaingia chini ya kulabu, shada la maua shingoni kama mbuzi wa kafara. Jatru akanyoosha kidole juu: inua. Nikainua. Chungu kikapanda kikidondosha maji, kikafika juu ya kichwa chake, kikasimama.

Hapo ndipo nilipoamua, na nitakwambia kilichonifanya niamue. Mtu asiyejua kitu angekitazama chungu. Awasthi hakukitazama. Macho yake yalipita chungu, yakapita waya, yakaenda moja kwa moja juu kwenye mashine, mahali pale pale ambapo breki ya pili ilitakiwa kuwa. Alijua. Alijua siku ya Etwa pia. Na maiti haiwezi kusimulia inachokijua.

Nikakishusha chungu kiganja kimoja, ghafla. Maji yakaruka yakamlowesha bega.

Akatoka mbio! Kiatu kimoja kikabaki. Akamkumbatia Panditji, akapiga kelele palepale kwenye kipaza sauti: "Ina breki moja! Mshusheni huyo mwendawazimu, ina breki moja tu!"

Spika zikalirudisha neno hilo kutoka kila nguzo. Moja tu. Moja tu.

"Moja?" Seth akauliza. "Kitabu kinasemaje?"

Nikatoa kichwa dirishani. "Kitabu kinasema mbili, Seth! Kama kilivyosema siku ya Etwa!"

"Shusha chungu, kijana," Seth akasema. "Shusha tuwashe tanuri."

"Bado. Kwanza asome mstari mpya kuhusu Etwa."

Chungu kikabaki kikining'inia juu ya sakafu tupu. Hakuna aliyegoma, hakuna aliyepiga kauli mbiu. Watu walikaa chini tu, mamia, wakala peremende za sala. Tanuri lilikuwa baridi na lingebaki baridi, kwa mila yao wenyewe. Saa moja ikapita. Mkono ulikufa ganzi kwenye mpini, sikuubandua.

Mwishowe Seth akamtuma karani. Karatasi ikaandikwa: breki ilikuwa imeondolewa, mhandisi alijua, dereva hakuwa na kosa. Awasthi akaisoma kwenye kipaza sauti, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Alipofika mwisho akataka kuondoka.

"Ngoja, Saheb." Alikuwa Jhirgi, katikati ya wanawake, sari nyeupe, mikono yenye sugu za matofali. Alimsogelea hadi karibu na sinia. "Umesahau neno. Mume wangu alikuwa anakunywa nini?"

Awasthi akatazama viatu vya watu.

"Nimekuuliza. Anakunywa nini?"

"Maji," akasema.

"Binti yangu yuko kule nyuma. Hajasikia."

"Maji!" akapaza sauti. "Alikuwa anakunywa maji!"

Hapo ndipo nilipokishusha chungu.

Walinifukuza kazi wiki hiyohiyo, kwa kuchezea mzigo hadharani. Nililijua hilo kabla sijapanda ngazi. Kreni namba mbili sasa ina breki mbili, na Jatru huzikagua kwa macho yake kila zamu. Awasthi bado yuko mjini, hakupata kiwanda kingine cha kumchukua. Sikumsamehe na sitamsamehe. Asubuhi hupita sokoni ameinamisha kichwa, na akiketi kwenye kibanda chochote, mwuza chai humfutia meza kwa adabu zote, kisha humuuliza kwa sauti ya kusikika barabara nzima:

"Saheb, leo nikupe chai, au maji?"