Lori Lenye Njaa

Kwenye yadi walimwita Ramani, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na miaka thelathini na moja ya usukani. Ungemwamsha usingizini ukamuuliza mzani wa tatu uko wapi, angekuelekeza, na akutajie hata mbwa anayelala pale. Ndiyo maana siku aliyoingia dukani kununua jipiesi aligeuka kwanza kuangalia nyuma, kama mwizi wa kuku.

Sababu aliijua peke yake. Mwezi uliopita, mchana kweupe, alifika kwenye njia panda aliyoipita mara zisizo na hesabu, akakunja kushoto badala ya kulia. Kupotea si ajabu, kila mwenye miguu hupotea. Lakini alipozima injini ili akumbuke njia ya kurudi, kichwa kilikuwa kitupu kama debe. Robo saa nzima alikaa ameshika usukani, haijui barabara, wala barabara haimjui. Kisha dunia ikarudi mahali pake, naye akageuza lori. Hakumwambia mtu. Dereva anayesahau njia hunyang'anywa funguo, na bila usukani yeye hakujua angekuwa nani.

"Shikamoo mzee," alisema muuzaji, mama mmoja aliyeweka miwani juu ya paji la uso.

"Marahaba. Nataka kile kinachoonyesha njia. Ni cha mjukuu wangu."

"Anaendesha nini mjukuu?"

"Lori. Na tela la ekseli tatu."

"Mjukuu mkubwa huyo!" Akacheka kidogo, akaweka maboksi mawili mezani. "Hiki cha bei rahisi ni cha magari madogo. Kwake njia ni njia tu. Kitamwingiza kwenye kichochoro tela linase kama mwiba wa samaki kooni. Hiki kingine kinakuuliza kwanza: una urefu gani, kimo gani, uzito gani? Ndipo kinakutafutia njia inayokufaa. Ila baba, kinajua kile tu ulichokiambia. Ukikidanganya, nacho kitakudanganya."

Ramani akachukua cha pili.

Binti yake alikuwa fundi wa springi na breki palepale yadini, mikono myeusi kwa grisi, mdomo mwepesi. Kontena lilikuwa limeshapakiwa saruji, safari ni asubuhi. Alipanda ngazi, akashusha tepu mpaka chini. "Mita nne na sentimita kumi na tisa," alisema, akaingiza hesabu hiyo kwenye kifaa. Sauti ya kike ikawakaribisha safarini.

"He! Baba, umeniletea mama mdogo?"

"Nyamaza. Mama yako akisikia, nitalala kwenye tela."

"Si wewe uliyesema jipiesi ni fimbo ya kipofu?"

"Dunia inakwenda, mwanangu."

Akamtazama baba yake kwa muda, vile anavyotazama springi anayoshuku ina ufa. 

Safari ya kwenda ilikuwa laini. Mama mdogo alisema kulia, Ramani akakunja kulia. Jambo lililomsumbua ni dogo: hata kwenye kona alizozijua kama vidole vyake, alijikuta anangoja aambiwe kwanza ndipo awashe indiketa. Walipita chini ya daraja la reli, ubao umeandikwa mita 4.25, kontena likapenya bila kugusa. Kesho yake saruji ikashushwa, akaanza kurudi na kontena tupu.

Kabla ya daraja hilo, kwa anayerudi, kuna njia panda. Mkono wake ulitaka kulia, kwenye barabara ya machimbo ya kokoto. Miaka yote alirudia huko. Lakini kwa nini? Ni mbali zaidi kwa kilomita arobaini, tena vumbi tupu. Alijiuliza, akatafuta jibu, hakulipata.

"Kunja kushoto," alisema mama mdogo.

Mkono huu ndio uliokosea mwezi jana. Nani angeuamini tena? Akakunja kushoto.

Daraja lilipotokea mbele, alipunguza mwendo. Boriti yake ya chuma, upande huu wa kurudi, ilikuwa imechubuka vibaya: bluu, nyekundu, kijani, rangi za makontena ya kila kampuni. Akajaribu kukumbuka upande ule mwingine, wa kwenda. Ule ulikuwa safi. Kwa nini malori yagonge yanaporudi tu, na kimo cha daraja ni kilekile?

Hapo ndipo ilipomjia sauti ya yule dereva mkongwe aliyemfundisha kazi, na harufu ya tumbaku yake: *Lori likishiba hulala, likiwa na njaa husimama.*

Akakanyaga breki.

Nyuma honi zikaanza. Mwanamke mmoja wa pikipiki, amefunga magunia matatu ya viazi, akaja mpaka dirishani. "Mzee, unalipigia hodi daraja? Pita bwana!"

"Ungekuwa na kontena kichwani usingesema hivyo. Njoo unishikie tepu."

Alikuja, akilalamika njia nzima. Ramani akapanda juu, akashusha tepu, yule mwanamke akaishika chini na kusoma mwenyewe. Akasoma tena. "Mita nne na ishirini na nane."

Sentimita tisa zaidi ya pale yadini. Springi zilizokuwa zimelala chini ya saruji sasa zilikuwa zimesimama wima, na kontena limesimama nazo.

"Ungelivua paa," alisema yule mwanamke, bila utani tena. Kisha akaenda katikati ya barabara, akanyoosha mikono na kuyazuia magari, akiwatukana wenye honi mmoja mmoja, mpaka Ramani akarudi kinyumenyume njia ile yote hadi kwenye njia panda.

Hapo akaegesha, akampigia binti yake.

"Tulilipima likiwa na mzigo," alisema.

"Mungu wangu. Na mimi ndiye fundi wa springi! Umegonga?"

"Sijagonga. Nilikumbuka." Akavuta pumzi. "Ila mwezi uliopita sikukumbuka. Nilipotea, mwanangu. Robo saa sikujua niko wapi."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Mafuta ya safari ile hayakulingana na njia. Nilikagua tanki, halivuji. Nikasema nitangoja baba aseme mwenyewe."

Ramani akatazama vumbi la machimbo. Mwezi mzima alikuwa amebeba siri ambayo fundi alikwisha kuiona.

"Kabla ya safari nyingine tunakwenda kwa daktari," alisema binti. "Na mkubwa wa yadi akiniuliza, sitamdanganya."

"Usimdanganye. Nitamwambia mimi, leo hii." Ilikuwa rahisi kuliko alivyodhani, kama kushusha gunia ambalo bega limeshazoea kuumia. "Sasa nielekeze. Kifaa hiki kinaweza kuwekewa malori mawili?"

Kinaweza. Akamwelekeza kitufe kwa kitufe, naye kwa kidole kimoja kinene akaandika: la kwanza SHIBA, mita 4.19. La pili NJAA, mita 4.28.

"Sikiliza," alisema. "Siku nitakayokaa kwenye kiti hiki nishindwe kujua ni lipi kati ya haya mawili nimelikalia, nitazima injini. Uje uchukue funguo, na usinibembeleze."

"Nitakuja na mama yangu mzazi. Huyu mama mdogo ajiandae."

Akacheka, na yeye akacheka, kila mmoja akamwacha mwenzake amalize.

Alichagua NJAA. Kifaa kikatafuta kwa muda, mshale ukizunguka, kisha ile sauti ikasema, "Kunja kulia."

Indiketa ya kulia ilikuwa tayari inawaka.